Upawa wa Bwana Mifugo

Bwana Mifugo wetu alikuwa mwanamke. Naliweka hili mbele kwa sababu wageni waliokuja mtaa wetu wa Ngokolo, hapa Shinyanga, kumuulizia walikuwa wakitafuta mwanamume mwenye kitambi na pikipiki, wakampita palepale getini kwake, amesimama na kanga kiunoni anatafuna muwa. Cheo alikipata vijijini alipokuwa afisa mifugo. Wafugaji walishazoea kumwita hivyo mtu yeyote anayeshika ile kazi, naye akaitika. Alipostaafu akahamia mtaa wetu, na cheo kikahama naye. Sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina lake, nami leo sianzi.

Mfikirie basi mwanamke mrefu, miguu myembamba ndani ya gambuti za kijani hata kiangazi, anamnyatia mbwa kwa nyuma, na mkononi ameshika upawa. Ulikuwa upawa wa kawaida wa kuchotea mchuzi, ila aliufunga kwa waya kwenye mpini wa fagio ili aufikishe chini ya mbwa bila kumshtua. Mbwa akichuchumaa, upawa unateleza. Mbwa akishtuka kugeuka, Bwana Mifugo ameshachota chake, ameshauinua kwenye mwanga, ananusa, na uso umemchangamka kabisa. "Mama Kulwa! Njoo uone rangi hii! Acha hiyo cherehani, njoo!"

Mimi ni fundi cherehani. Nimeitwa kuona rangi za vitenge, za satini, za lesi za maharusi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa furaha ile, na alikuwa ananiita kuona mkojo. Nami niliacha cherehani nikaenda mbio. Huyo ndiye mtu ninayetaka kumweleza: alikuwa na uwezo wa kukufanya ukimbilie mkojo wa mbwa kama unakimbilia harusi.

Mbwa aliyetukutanisha ni wangu, jike wa rangi ya udongo, anaitwa Watasema. Kwetu Usukumani jina la mbwa linaweza kubeba ujumbe wa mwenye nyumba kwa majirani. Mimi nilipohamia nyumba yetu mpya na mapacha wangu wawili, mume yuko mbali, nilijua maneno yatakuja tu, basi nikawatangulia. Mume wangu, Baba Kulwa, anasimamia karasha huko Geita, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote mwanamume wa nyumba ni Watasema. Aliwahi kumkamata mwizi akamwachia mguu mmoja tu wa suruali. Asubuhi nikauokota ule mguu mwingine uani, nikautazama pindo, nikatambua mshono wangu mwenyewe. Sitasema ni mteja gani, ila hajarudi kuleta kazi.

Sasa mbwa huyo akaanza kukojoa matone. Anachuchumaa, anakaza mgongo, anatoa vitone vitatu, anasogea hatua mbili, anachuchumaa tena. Siku ya tatu vitone vikawa na damu. Nilifanya kile ambacho kila mtu hapa anafanya. Katika nyumba zetu zenye ng'ombe, chupa ya oksi haikosekani, ile dawa ya njano ya kuwachoma ng'ombe, na jirani mwenye chupa ndiye daktari wa mtaa. Jirani akamchoma Watasema kwa kipimo alichokadiria kwa macho. Siku mbili mbwa akawa mzima, siku ya tatu vitone vikarudi. Ndipo nikamfuata Bwana Mifugo, nikidhani nitapewa sindano yenye nguvu zaidi.

Nilipewa maswali. Alikuwa na maswali matatu, na aliwauliza watu wote, mwenye mbwa wa kizungu na mwenye mbwa wa mitaani. Anakojoa mara ngapi? Matone au mkondo? Anakunywa nini, na saa ngapi? Kisha aliongeza, akikutazama moja kwa moja: "Na usinidanganye. Mnyama hawezi kunidanganya. Kwenye nyumba hii anayeweza ni wewe."

La kwanza nikajibu vizuri. La pili nikajibu vizuri. La tatu nikasema anakunywa maji, mchana na usiku, bakuli limejaa. Huo ulikuwa uongo, na nitaueleza.

Alipenda sana kusimulia habari za mzee mmoja wa Mhunze, enzi za kazi yake ya Kishapu. Mzee alikuwa na ndama wawili, wote wagonjwa, na dawa iliyofika ilikuwa dozi ya mmoja. Ya pili ingekuja kesho yake na gari. Bwana Mifugo akamwachia ile moja, akamwelekeza ampe yule aliyezidiwa. Aliporudi kesho yake, mikono mitupu maana gari halikufika, akakuta mzee ameigawa nusu kwa nusu. "Nikamuuliza, mzee, kwa nini? Akaniambia, mayu, mama yangu, mama zao wote walikuwa wananitazama, nisingeweza kupendelea." Hapo Bwana Mifugo alicheka mpaka anashika ukuta. Halafu kicheko kilimwishia ghafla, akasema ndama wote wawili walipona kwa siku tano, kisha wakaugua upya na hawakuinuka. Alifuta macho kwa upindo wa kanga, akahama kwenye mada nyingine. Aliisimulia hadithi hiyo mbele yangu labda mara kumi, na kila mara alicheka na kulia palepale.

Kwa sababu ya wale ndama alikuwa mkali wa dozi kupita kiasi. Vidonge alivyonipa kwa Watasema nilivimaliza vyote, hadi kimoja cha mwisho, nikivificha ndani ya dagaa, maana kila jioni alipita getini na kupaza sauti: "Kimeingia?" Hata hivyo kumaliza dawa kwake hakukuwa sababu ya kumpongeza mtu. Alikuwa na salamu yake, aliitoa hata kwenye ngazi za kanisa, watu wakiwa wanatoka wamependeza: "Dawa imeisha, sawa. Mkojo je?" Siku moja alimuuliza hivyo baba wa bwana harusi, katikati ya msafara wa zawadi, ngoma zinalia. Mzee wa watu alikuwa amebeba godoro kichwani. Alisimama na godoro lake akajieleza kikamilifu kuhusu mbwa wake, na msafara mzima ukamsubiri.

Alikuwa na mambo yake yaliyopingana, na mimi nilikuwa nikimchokoza nayo. Alizungumza na wanyama kwa kunong'ona, na sisi wenye wanyama kwa kufoka. Alijua mbwa wote wa Ngokolo kwa majina na tabia, na hakuwahi kufuga hata mmoja. Alisema akifuga wake atashindwa kuwa mkali. Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa maji. Alihubiri maji mtaa mzima. Bakuli la mbwa likiwa na tope alilimwaga mbele ya wageni wako. Yeye mwenyewe hakunywa kitu kwa watu. Nilimkaribisha maji, chai, juisi ya ubuyu niliyoitengeneza kwa ajili yake, jibu lilikuwa moja: "Niko kazini." Ameshastaafu, lakini yuko kazini.

Mara moja tu alinieleza. "Mama Kulwa, miaka yote ile kwenye majosho, wanaume watupu na ng'ombe, na pori limekatwa lote, hata kichaka hakuna. Nikinywa, nitajisaidia wapi? Nikajifunza kubana. Sasa mwili umezoea." Alisema kwa kujivuna kidogo, mtu anayeeleza alivyojifunza kuendesha pikipiki. Tulicheka wote wawili. Nasikitika sana kwamba nilicheka.

Vidonge vya Watasema vikaisha, na matone yakabaki. Damu ilikata, hilo nilishukuru, lakini mbwa alichuchumaa kila baada ya hatua tano, na alipolala aliacha unyevu. Hapo ndipo ulipotokea ule msiba wa sare. Nilikuwa nimeshona magauni ya kina mama wanane wa kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, kitenge cha zambarau, nimeyapiga pasi, nimeyakunja ndani ya beseni barazani yakisubiri kuchukuliwa. Jioni nikamfungulia Watasema kutoka bandani. Alitoka mbio, macho yamemtoka, na hakufika hata kwenye nyasi. Alichuchumaa ndani ya beseni.

Baba Kulwa alikuwa nyumbani siku hiyo. Si mtu mbaya, na alimpenda yule mbwa, ila alishachoka na harufu, na kina mama wanane wakiwa wamesimama getini hakuna mwanamume anayefikiri vizuri. "Nakupa mpaka nitakaporudi mwisho wa mwezi," aliniambia. "Nikimkuta hivi, naita mtu amchome sindano alale moja kwa moja. Mbwa anayejikojolea anateseka, na sisi tunateseka." Nilijua hasemi kwa kutishia. Nilienda kwa Bwana Mifugo uso umenivimba kwa kulia, nikamwambia dawa yake haikufanya kazi. Naona aibu sasa kwamba nilimwambia hivyo.

Hakukasirika. Alisisimka! Aliniuliza siku, saa, kiasi, akachota mkojo kwa upawa, akachovya kijiti chake cha kupimia chenye vile vibandiko vya rangi, na chupa nyingine akaifunga kwa barafu ikapanda basi la kwenda maabara Mwanza. Majibu yaliporudi alikuja nyumbani saa saba mchana bila taarifa, anapunga karatasi tangu kona ya barabara. "Wadudu hamna! Umesikia? Dawa iliwamaliza! Wadudu hamna, na bado ni matone! Mbwa yuko wapi?"

Mbwa alikuwa bandani. Na hapa ndipo uongo wangu ulipoumbuka, kwa sababu huwezi kuficha banda la bati saa saba mchana. Mtaani kwetu mbwa wa ulinzi hufungiwa asubuhi, hufunguliwa jioni. Akizurura mchana anazoeana na watu, na mlinzi aliyezoeana na watu ni bure. Maji tunayaondoa ili asichafue banda. Na Watasema alikuwa msafi, hakukojoa mahali anapolala hata siku moja, nami nilikuwa nikimsifia kwa hilo. Wote tulifanya hivyo, na Bwana Mifugo alipopita jioni alikuta tumeshafungua na kuweka bakuli; hakuna aliyetufundisha na hakuna aliyetukataza.

Bwana Mifugo alitazama kufuli, akatafuta bakuli kwa macho, hakuliona. Nilisubiri afoke. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo, akamtoa Watasema, kisha akainama akaingia yeye. Mwanamke mrefu vile, na gambuti zake, akajikunja ndani ya banda la mbwa. "Funga," akasema.

"Bwana Mifugo, tafadhali."

"Nimesema funga, Mama Kulwa!"

Nikafunga. Majirani wakaanza kutokea mmoja mmoja. Alikuwepo Baba Neema, dalali wa mawe, mtu anayetembea na lenzi mfukoni akitafuta almasi kwenye kila kokoto la Shinyanga. Kutoka ndani ya bati sauti ikatulia, ikaanza kutoa taarifa kama mtu wa redio. "Kuna joto. Sakafu inaunguza. Nina kiu, hakuna maji." Bati likalia, anajigeuza. "Sasa nina haja ndogo. Mama Kulwa, nibane mpaka saa ngapi?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema: "Mpaka saa kumi na mbili jioni."

"Na kesho?"

"Na kesho."

Nilifungua nikilia na kucheka kwa pamoja, nikamwomba msamaha, na nilimwambia ukweli kuhusu bakuli. Alijipangusa vumbi. Hakunisema tena kwa jambo lile, siku hiyo wala baadaye. Alimlaza Watasema kwenye kivuli cha baraza, akapitisha mkono wake chini ya tumbo, akafumba macho, akapapasa. Kisha akaniita kwa kunong'ona, sauti ile aliyowawekea wanyama. "Lete mkono. Polepole. Fanya kama unatafuta pindo ndani ya kitambaa kizito."

Nikatafuta. Nikapata! Kitu kigumu, ukubwa wa njugu mawe tatu zikiwa pamoja, kinateleza chini ya vidole. Nilipiga kelele, naye akapiga kelele, na Watasema akatutikisia mkia wote wawili.

Alinieleza kwa maneno ya kawaida, nami nitayaeleza hivyohivyo. Wale wadudu wa kwanza, pamoja na mkojo mzito unaobanwa kutwa nzima bila maji, walitengeneza jiwe ndani ya kibofu. Dawa iliwaua wadudu lakini dawa haivunji jiwe la namna hiyo. Jiwe linakwaruza, mbwa anasikia haja kila saa, na wadudu wengine wanapata mahali pa kujificha, hivyo ugonjwa ungerudi tena na tena na mimi ningeendelea kulaumu vidonge. "Watu wanaishia kwenye dawa," alisema. "Dawa ni katikati ya safari."

Daktari wa upasuaji wa wanyama alitoka Mwanza, mtu mzima mwenye kipara na mikono midogo, na upasuaji ulifanyika juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, niliyoisugua kwa sabuni na dawa mpaka ikabadilika rangi. Bwana Mifugo alishika taa. Mimi niliambiwa nitoke, sikutoka. Niliona jiwe likitolewa, la kijivu lenye manjano, limechongoka upande mmoja, na sijawahi kufurahi kuona kitu kibaya namna ile. Daktari alipofika kushona ngozi nilishindwa kujizuia, nikamwambia pale katikati ameruka. Alitazama, akacheka, akaongeza mshono mmoja. Bwana Mifugo alitangaza jambo hilo mtaani kwa mwezi mzima, kwamba Mama Kulwa amemsahihisha daktari.

Jiwe likaoshwa, likawekwa kwenye kisahani, na Baba Neema akalitolea lenzi. Tulimzunguka wote, tumeshika pumzi bila sababu yoyote ya maana. Aligeuza, akageuza, akalirudisha. "Hili halina soko," akasema kwa huzuni ya kweli, na baraza zima likaangua kicheko.

Ikabaki kusubiri. Wiki ya kwanza matone yaliendelea, nikakata tamaa, nikaenda kugonga kwake alfajiri. Alinirudisha nyumbani. Kibofu kilichokwaruzwa miezi hakisahau kwa siku saba, alisema, mpe maji, mfungulie kila baada ya saa tatu, usimtazame tazame ukamtia aibu. Niling'oa mlango wa banda kwa nyundo, na majirani walioona siku ile nao wakaanza kufungua mabanda yao. Nikaweka bakuli mbili. Kila jioni nilihesabu siku zilizobaki za mwezi, nikizihesabu hata nikiwa kwenye cherehani, nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Baba Kulwa alirudi Jumamosi asubuhi. Aliketi barazani na begi lake bado liko miguuni. Bwana Mifugo alikuwa ameshafika, na kwa mara ya kwanza hakubeba upawa. Watasema alikunywa maji, akanyoosha mwili, akaelekea kwenye nyasi nyuma ya ukuta tusipoweza kumwona. Niliinuka nimfuate, Bwana Mifugo akanivuta kanga. "Kaa. Fumba macho. Sikiliza."

Tukafumba macho watu wazima watatu. Nikasikia kuku, nikasikia redio ya jirani, halafu nikasikia. Haukukatika. Ulikuwa mkondo mrefu, mzito, ulioendelea mpaka nikaanza kutabasamu, ukaendelea bado mpaka mume wangu akaanza kucheka kwa pua, mdomo ameufumba. "Huyo ni mbwa au ni ng'ombe?" akauliza. Nikaruka nikamkumbatia Bwana Mifugo, gambuti na vyote, nikaimba, nikapiga vigelegele vilivyoleta majirani. Baba Kulwa akaingiza begi ndani, na habari ya sindano haikutajwa tena nyumbani kwetu. Watasema yupo mpaka leo, ana mvi mdomoni, na anakojoa vizuri kuliko mimi.

Kisha Bwana Mifugo akahama. Miguu ilianza kumsumbua, na binti yake anayeishi Geita akamchukua. Mtaa ulipoa. Upawa aliniachia mimi. Unaning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani, na wateja wakiuliza ni wa nini nawaeleza bila kificho.

Mwaka jana nilikwenda Geita kumwona mume wangu, na siku ya pili nikaenda kumtafuta. Nilimkuta chumbani, amekaa kwenye kitanda, mchana kweupe, dirisha limefungwa. Alikuwa amekonda. Gambuti zilikuwa kando ya mlango zimejaa vumbi, na hizo ndizo zilizonishtua kuliko uso wake.

"Bwana Mifugo, shikamoo."

"Marahaba, Mama Kulwa wangu! Watasema je?"

"Mkondo," nikasema, na akapiga makofi mara moja, kwa nguvu zile za zamani. Tukazungumza. Katikati ya mazungumzo akataja, kwa kupitia tu, kwamba alikuwa na UTI, ametibiwa mara mbili, dawa amemaliza zote, ila bado mwili hauko sawa, ni uzee.

Nilisikia mwenyewe maneno yanatoka mdomoni mwangu. "Dawa imeisha, sawa. Mkojo je?"

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Bwana Mifugo aliangalia chini. Nikamuuliza yote matatu, kwa mpangilio wake. Mara ngapi? Akanyoosha shuka. Matone au mkondo? Akaikunja kanga mapajani. Unakunywa nini, na saa ngapi? Akaonyesha jagi mezani. Lilikuwa limejaa, kikombe juu yake kimefunikwa, kikavu.

"Tangu asubuhi hujanywa?"

"Nikinywa nitapita wapi?" akanong'ona, akaelekeza kidevu dirishani.

Nikachungulia. Choo kilikuwa upande wa pili wa ua, na kwenye njia yake, juu ya benchi, alikuwa amekaa mwanamume anafungua pikipiki yake kwa spana. Alikuwa mkwewe. Alifanya kazi zamu ya usiku mgodini, mchana alikuwa nyumbani. Na msomaji asiye wa kwetu aelewe: mama mkwe hapiti mbele ya mkwewe na kopo la maji mkononi. Hapiti. Wanaheshimiana kiasi kwamba hata kula hawali meza moja. Binti yake alikuwa sokoni mpaka jioni. Kwa hiyo yule mwanamke aliyefungua mabanda ya Ngokolo nzima alikuwa anabana, kila siku, kutoka asubuhi mpaka jioni, na alikuwa anaona ni adabu.

Nilikasirika. Nilitoka nikaenda kusimama mbele ya yule baba. "Baba, samahani, mimi ni mgeni. Mama anahitaji njia, na wewe umeikalia. Hanywi maji kwa sababu yako."

Spana ilimwanguka. "Kwa sababu yangu?" Alikuwa mtu mkubwa, mweusi kwa vumbi la kazi, na macho yalimjaa maji. "Dada, mimi nimekaa hapa kwa ajili yake. Mke wangu, Mama Happy, aliniambia mama anaumwa, asiachwe peke yake. Nikasema kuingia ndani siwezi, basi nitakaa karibu, akiita nisikie." Alikuwa hajalala vizuri mchana kwa wiki kadhaa. Alijifuta mikono, akatoka nje ya geti, akaenda kusimama barabarani ametugeuzia mgongo, na alipofika huko akapaza sauti bila kugeuka: "Kesho naleta fundi, nitamjengea choo chake nyuma ya chumba!"

Bwana Mifugo alisikia. Alikunywa kikombe cha kwanza bila kupumzika, akakunywa cha pili. Tukasubiri, nikamsimulia ya mtaani. Kisha akainuka, akanishika bega, tukavuka ua polepole, mimi nimebeba kopo. Akaingia, akafunga mlango.

"Mama Kulwa," sauti ikatoka ndani. "Fumba macho."

"Nimefumba."

Nikasikiliza. Nilitamani sana. Nilikuwa tayari kupiga vigelegele hapohapo, ua wa watu, mkwe barabarani. Nikasikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Matone au mkondo?"

Niliwahi kumdanganya mtu huyu mara moja, kuhusu bakuli la maji.

"Matone, Bwana Mifugo."

Halafu nikasikia anacheka, kile kicheko cha kushika ukuta.

"Hapo umesema kweli," akasema. "Mwambie mkwe wangu atuitie bajaji, twende tukapime. Na gambuti zangu, zipanguse vumbi uniletee."